Safari ya Dumu la Manjano

Alfajiri katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, kabla watu hawajapanga foleni kwenye pampu ya kisima ambayo wenyeji Wachewa huiita mjigo, madumu huwa yamekwisha kupanga foleni yao: la manjano, la buluu, jeupe lililogeuka kijivu kwa umri, moja limezibwa kwa gunzi la muhindi badala ya kifuniko, jingine limefungwa kamba palipokuwa na mpini, na kila moja limesimama mahali pa mwenyewe aliyelala, likimtunzia zamu yake kama amana. Wakongo wa pale huliita bidoni, watu wa pwani huliita dumu, na mimi nitashika jina la pwani kwa kuwa ndilo nililolelewa nalo. Lakini kwa jina lolote, mtu mwenye jicho la kuchora akiutazama mstari ule kwa kitambo hawezi kujizuia kujiuliza vyombo vile husemezana nini usiku, na swali dogo kama hilo aghalabu ndilo mbegu ya filamu fupi ya katuni.

Watu wengi huiona filamu ya uhuishaji ikiwa imekwisha kukamilika, ina rangi, sauti na mwendo, wakadhani kwamba kazi yake kubwa ni kuchora vizuri au kuwa na kompyuta yenye nguvu, ilhali kazi iliyo ngumu kuliko zote hufanyika mapema, kwa kalamu ya risasi, katika hatua mbili ambazo hadhira haizioni kamwe: storibodi, yaani kisa kilichopangwa kwa picha mfululizo, moja baada ya nyingine, na animatiki, yaani picha zizo hizo zikipewa muda na sauti ili kisa kiweze kutazamwa kabla hakijahuishwa. Hatua hizo mbili ndizo ninazotaka kuzieleza, na nitazieleza kwa kutunga kisa mbele ya msomaji.

Nimechagua Dzaleka kwa makusudi. Mahali hapo, kilomita zipatazo 45 kaskazini ya Lilongwe, palikuwa gereza la wafungwa wa siasa zama za Rais Kamuzu Banda, na mwaka 1994 pakafanywa kambi ya watu waliokimbia vita vya Rwanda, Burundi na Kongo. Iliandaliwa kwa watu 10,000 hadi 12,000, na leo inahifadhi zaidi ya 50,000. Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda, Kilingala, Kifaransa na Kichewa husikika katika uchochoro mmoja, hata mtoto wa miaka kumi akawa mkalimani wa mama yake sokoni. Sera ya nchi ni kwamba mkimbizi akae kambini, na mwaka 2023 Serikali iliamuru wale waliokuwa wamejenga maisha yao Lilongwe na miji mingine warejee Dzaleka, baadhi yao wakiacha maduka na biashara za miaka mingi. Minibasi hushika barabara ya kwenda mjini kila siku, ikapita Lumbadzi na Kanengo. Abiria wake si kila atakaye. Nikatafakari: kama mwenye dumu hawezi kwenda, je, dumu?

Basi tutunge. Msichana mmoja, tumwite Riziki, huweka dumu lake la manjano foleni jioni, na kwenye mpini amefunga utepe uliochanwa katika kitenge cha bibi yake, ili asilipoteze miongoni mwa mengi yaliyofanana nalo. Usiku upepo mkavu wa Septemba, ule utanguliao mvua, unaliangusha. Linaviringika hadi barabarani, linabebwa pamoja na mizigo ya gari la usiku, linafika Lilongwe, linapita chini ya mijakaranda iliyochanua, na kabla ya mapambazuko linarudi mahali pake. Riziki anapoliinua asubuhi anasikia kitu ndani. Analiinamisha, na ua la zambarau linamwangukia kiganjani. Anaitazama barabara. Kisa kimekwisha, wala hakina neno hata moja.

Kinapendeza, lakini kina ila kubwa, na ila hiyo huonekana mara tu mtunzi anapojaribu kukisema kwa sentensi moja na kujiuliza: ni nani anayetaka nini, na kinachomzuia ni kitu gani? Katika kisa hiki dumu halitaki lolote. Upepo unalipeleka na bahati inalirudisha, na hadhira haiwezi kuhofia chombo kisichokuwa na la kupoteza. Dawa imo katika foleni yenyewe. Dumu likiondoka, huacha pengo, na kila apitaye usiku akisogeza chake mbele, pengo hupungua. Maadam pengo lipo, Riziki ana zamu, na likizibwa, hana. Sasa dumu lina neno la kutimiza kabla ya jua, na mtunzi akitupeleka mara mjini, mara kwenye lile pengo linalopungua, kisa kimepata saa ambayo hakikuwa nayo hapo kwanza. Kurudi nako kusiwe kwa bahati: mwanamke aliyejitanda kitenge cha mapambo yale yale ya utepe, akingoja minibasi ya kwanza, analiona dumu kando ya njia, anaushika utepe, anaulinganisha na pindo lake, na bila kusita analichukua. Tumemweleza mtu mzima, asili yake na huruma yake, kwa kipande cha nguo.

Kwa nini taabu yote hii kabla ya kuchora? Jibu ni hesabu. Sinema huonyesha fremu 24 kwa sekunde moja, hivyo filamu ya dakika mbili ina fremu 2,880. Mhuishaji akishikilia kila mchoro kwa fremu mbili, kama ilivyo desturi ya wengi, atahitaji michoro 1,440. Mtu mmoja akichora michoro 20 kwa siku bila kupumzika, hiyo ni kazi ya siku 72. Akigundua mwishoni kwamba sekunde kumi hazina haja, ametupa michoro 120, nayo ni siku sita za maisha yake. Na mahali ambapo umeme na bando la intaneti hununuliwa kwa kujinyima, siku sita si jambo dogo. Kosa lilo hilo likigunduliwa kwenye karatasi huigharimu kazi dakika moja na kifutio. Hapa ndipo ninapoona fahari ya fani hii: katika hatua ya rangi na mashine studio kubwa itamshinda kijana wa Dzaleka kwa mbali, walakini katika hatua ya karatasi wote wawili wana kalamu moja, na haki sawa ya kufuta.

Michoro ya mwanzo iwe midogo, ukubwa wa kiberiti, tena ya haraka kiasi cha mtu kutoona haya kuitupa. Mimi nilipojaribu kwa mara ya kwanza nilifanya kinyume: nilichora picha kubwa arobaini, kila moja kwa vivuli na nakshi, nikazipenda hata nikashindwa kuondoa iliyo mbaya, na kisa changu kikafa kwa kulemewa na mapambo. Mchoro mdogo haumpi mchoraji nafasi ya kujivuna. Humlazimisha kuuliza mambo mawili matatu yaliyo ya msingi: kitu gani kiko wapi, kinaelekea wapi, na jicho la mtazamaji litatua penye nini kwanza.

Kisha ndipo huja storibodi yenyewe, fremu zenye umbo la skrini, upana sehemu 16 kwa kimo sehemu 9, na chini ya kila fremu maneno machache ya kitendo na sauti. Mshale huonyesha mwendo wa kitu, na fremu ndogo ndani ya kubwa huonyesha kamera inaposogea. Hayo ni maandishi tu, na mtu hujifunza kwa siku moja; elimu iliyo ndani yake ndiyo isiyokwisha. Chukua suala la upande. Tukiamua kambi iko kushoto na mji uko kulia, basi dumu liendapo lielekee kulia daima, na lirudipo lielekee kushoto, na mchoraji asithubutu kuligeuza katikati ya njia kwa sababu tu mlima fulani unapendeza ukiwa upande ule. Maana mtazamaji hana ramani, ana upande tu, na dumu likigeuka ghafla atadhani limekata tamaa linarudi.

Au chukua kimo cha jicho. Dumu halina uso, na kulichorea macho na mdomo ni njia rahisi ambayo mimi singeifuata, kwa kuwa uzuri wa kisa hiki ni kwamba dumu ni dumu. Lakini kamera ikishushwa hadi kimo cha mpini wake, dunia yote hubadilika: watu huonekana kuanzia magotini kwenda chini, tukaona kandambili zilizoshonwa kwa waya, miguu yenye vumbi jekundu, magurudumu ya baiskeli, na pindo za vitenge zikipita kama mapazia. Faida zake ni nyingi kwa pamoja: mchoraji anaokolewa na kazi ya kuchora nyuso mia, dumu linakuwa na maoni yake bila kuwa na macho, na pindo la kitenge cha yule mwanamke, ambalo ni ufunguo wa kisa, linafika lenyewe mbele ya kamera. Huzuni ya dumu huonyeshwa kwa nafasi: liweke dogo, pembeni ya fremu, na barabara tupu ya Lilongwe ijaze kilichobaki.

Ni katika kupanga fremu pia tunapogundua kwamba utepe hauwezi kuwa na mapambo yoyote tu. Ukionekana kwa mbali katika skrini ya simu, maua madogo madogo huwa doa. Basi tuchague duara moja kubwa jeusi katika nguo ya chungwa, na tulionyeshe kwa karibu mapema, katika fremu ya pili au ya tatu, Riziki anapofunga fundo, ili dakika moja baadaye litambulikane kabla mtazamaji hajafikiri. Jambo ambalo hadhira italihitaji mwishoni lazima ipewe mwanzoni, tena bila yenyewe kujua kwamba imepewa.

Hapa kuna neno la hadhari kwa wenye kutunga katika nchi ya Wachewa. Safari ya usiku humtia mchoraji tamaa ya kuingiza kinyago cha Gule Wamkulu, ngoma kuu ya Nyau ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2005 kuwa urithi wa wanadamu, kwa kuwa vinyago vile vinavutia macho kuliko kitu chochote anachoweza kukibuni. Asikitie kwa ajili ya pambo. Mambo yale yana wenyewe, yana siri na adabu zake, na mgeni aliyehifadhiwa katika nchi yao hana udhuru wa kuyachezea. Kama kisa hakiwezi kusimama bila kinyago, hicho si kisa cha dumu tena.

Desturi ya kubandika fremu ukutani, zote zikaonekana kwa pamoja, ilianzia katika studio ya Walt Disney huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930, na aghalabu husifiwa kwayo msanii Webb Smith. Filamu ya nguruwe watatu ya mwaka 1933 hutajwa kuwa miongoni mwa za kwanza kupangwa hivyo kikamilifu. Ubao wa kizibo si lazima. Ukuta wa matofali ya udongo na kamba yenye vibanio vya nguo hufanya kazi hiyo hiyo, na fremu hupanguliwa na kupangwa upya bila idhini ya mtu.

Baada ya kubandika, mtunzi husimama mbele ya ukuta, fimbo mkononi, akawasimulia watu kisa chake fremu kwa fremu. Sisi hatuna haja ya kufundishwa jambo hili na studio yoyote. Bibi aliyesema paukwa, na watoto wakamjibu pakawa, alikuwa akipima hadhira yake kabla ya kuanza. Aliendelea kuipima kila alipotua. Akiona macho yanalegea huharakisha, akiona wamekaza shingo huchelewesha kwa makusudi. Fanani wa storibodi afanye vivyo hivyo, asitazame picha zake, atazame nyuso. Dzaleka ina neema ambayo studio nyingi hazina: mtunzi anaweza kumwita Mrundi, Mkongo, Msomali na Mmalawi wakae benchi moja. Kisa cha bila maneno kikimfikia yule asiyejua lugha ya mtunzi, kimefika kweli.

Hata hivyo masimulizi hayo yana hila ndani yake, na hila hiyo ndiyo sababu ya animatiki kuwapo. Msimulizi hodari huibeba fremu dhaifu kwa sauti yake. Akifika mahali ambapo picha haielezi, mkono wake hueleza. Akifika penye pengo la mantiki, hulivuka kwa nyusi na tabasamu, na wasikilizaji hutoka wameridhika wakidhani wameiona filamu, kumbe wamemwona yeye. Animatiki humwondoa mwenyewe chumbani. Fremu hupigwa picha kwa simu, zikaingizwa katika programu ya kuhariri video, kila moja ikapewa muda wake, sauti za kubahatisha zikawekwa chini yake, na kisha hadithi huachwa iseme peke yake.

Mara ya kwanza aghalabu hushtua. Foleni ya jioni, iliyopendeza sana ukutani kwa fremu sita, ikipewa sekunde ishirini huchosha, na ikikatwa hadi nane haipungukiwi na kitu. Kuviringika kwa dumu, kulikochorwa kwa fremu mbili, kunapita kama kosa la macho. Panahitajika fremu tano au sita, kuanguka, kusita ukingoni mwa mtaro kana kwamba linafikiri, kisha kushuka. Pengo la foleni, ambalo mtunzi alilionyesha mara mbili, halikumbukwi. Lionyeshwe mara nne, na kila mara liwe fupi kuliko iliyotangulia: sekunde tatu, mbili na nusu, mbili, moja. Huko kupungua kwa muda ndiko kunakomwingia mtazamaji mwilini asijue kwa nini moyo unamwenda mbio.

Sauti nayo si urembo wa baadaye. Dumu tupu lina mlio wake, dumu lililojaa lina wake, na lenye ua moja kavu ndani lina mkwaruzo mdogo ambao katika filamu hii ni sawa na neno la mwisho. Mtunzi aurekodi kwa simu chini ya blanketi, alfajiri, kabla ya redio za majirani. Aurekodi upepo ukipiga mabati. Auweke mlio wa minibasi mbali, usiokaribia kamwe katika onyesho la mwanzo. Halafu ajaribu kuiondoa sauti yote katika fremu ya mwisho, Riziki akiitazama barabara, na kuishikilia kwa sekunde mbili, kisha nne, kisha saba. Karatasi haiwezi kumwambia ni ipi iliyo sahihi. Mbili haziachi nafasi ya kuwaza, saba zinaanza kuomba machozi. Mimi ningesimama kwenye tano, lakini atakayejua ni yule atakayekaa nyuma ya watazamaji gizani akasikiliza pumzi zao.

Wapo mabingwa wasioifuata njia hii. Hayao Miyazaki wa Japani hujulikana kwa kuanza kutengeneza filamu ilhali storibodi yake haijakwisha, akiendelea kuichora mwenyewe huku wengine wakihuisha. Na Gints Zilbalodis wa Latvia, ambaye filamu yake ya Flow, iliyotengenezwa kwa programu ya bure iitwayo Blender, ilitwaa tuzo ya Oscar mwaka 2025, hakuchora storibodi, alikwenda moja kwa moja kutafuta picha zake ndani ya kompyuta. Mifano hiyo nisingependa imdanganye anayeanza. Wa kwanza ana umri mzima wa maarifa kichwani, na wa pili hakuacha kupanga, alibadilisha tu chombo cha kupangia.

Wala anayeanza asidhani kwamba anafuata fani ya wageni. Moustapha Alassane wa Niger alikuwa akihuisha michoro yake katika miaka ya 1960, na katika Bon voyage Sim ya mwaka 1966 alimfanya chura kuwa rais. Jean-Michel Kibushi wa Kongo, nchi walikotoka wengi wa watu wa Dzaleka, alimpeleka chura ukweni katika filamu yake ya mwaka 1991 aliyoichota katika ngano za kwao. Nairobi ilihuisha Tinga Tinga Tales, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2010, kwa mtindo wa picha za Edward Saidi Tingatinga wa Dar es Salaam. Chura, dumu: vitu vilivyo karibu na mlango wa nyumba.

Mahali pa kuonyesha papo. Tangu mwaka 2014 kambi hiyo ina Tamasha la Tumaini, lililoasisiwa na mshairi Mkongo Trésor Nzengu Mpauni, ajulikanaye kwa jina la Menes la Plume, na katika siku zake watu wa Lilongwe ndio wanaopanda gari kwenda Dzaleka. Lakini animatiki haihitaji kungoja tamasha, wala haifai kungoja. Thamani yake ni kutazamwa ingali mbichi, bado yaweza kuvunjwa. Dakika mbili za picha za kalamu ya risasi ni faili dogo. Mtunzi aliweke katika memori kadi, aikunje ndani ya karatasi, ampe jirani mwenye kibali cha kwenda mjini, ampelekee mtu wa Lilongwe asiyemfahamu mtunzi na asiyepata kuiona foleni ya Dzaleka, fundi simu, mwuza vitabu, mwanafunzi, yeyote yule. Asitume barua ya maelezo. Atume ombi moja tu, kwamba mtazamaji akimaliza ajirekodi kwa sauti akisimulia alichokiona. Na kadi ikirudi jioni, mtunzi akae na daftari, asikilize mara ya kwanza bila kuandika, kisha mara ya pili aandike pale msimulizi aliporuka, pale alipobuni lisilokuwapo, kama aliitambua nguo ya yule mwanamke, na kama, kabla ya kulitaja ua, alilitaja pengo.